Maswali ya Wasomaji: Kula Vibichi na Kusafisha Mwili Kila Siku

Barua zinazofika kwenye safu hii kuhusu kula vyakula vibichi pekee na kutoa sumu mwilini zimekuwa nyingi kiasi kwamba toleo hili nimelitenga lote kwa jambo hilo. Barua nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaondoa, kwa kuwa baadhi yao wameeleza hali zao za afya kwa uwazi mkubwa. Ninayoyaandika hapa ni ya kumsaidia msomaji aelewe mwili wake na ajue la kuuliza atakapofika kwa daktari, kwa hiyo asiyachukue kuwa badala ya kupimwa.

Swali: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu, mama wa watoto wawili, nina miaka 34 na ninaishi Tanga. Tangu mwanzo wa mwaka nimeacha kabisa chakula kilichopita motoni. Nikiamka nakunywa maji ya vuguvugu yenye ndimu mbili. Saa nne nasaga mchicha mbichi, tango na tufaha kwenye blenda. Mchana nakula kachumbari, parachichi na karanga nilizoloweka usiku, na jioni nakula matunda. Jumamosi sili chochote, nashinda na maji ya ndimu yenye asali. Wiki za mwanzo nilijisikia mwepesi, choo kikawa kizuri na uzito ukapungua. Siku hizi nasikia baridi hata mchana, nywele zinakatika nikichana, na hedhi imepotea kwa miezi miwili ingawa kipimo kinaonyesha sina mimba. Rafiki aliyenifundisha anasema hiyo ni sumu inatoka, nivumilie. Je, nivumilie hadi lini?

Jibu: Dada yangu, usivumilie hata kidogo. Hedhi inapokatika kwa mwanamke wa umri wako ambaye si mjamzito wala hanyonyeshi, na uzito wake umekuwa ukishuka, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba chakula anachokula hakimtoshi. Ubongo ukiona nishati inayoingia ni ndogo kuliko inayotumika, hupunguza homoni zinazoamsha mayai, kwa sababu mimba ni mzigo ambao mwili huo hauwezi kuubeba kwa wakati huo. Baridi unayoisikia na nywele zinazokatika huweza kutokana na kubana matumizi huko huko, ingawa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo nayo huleta dalili kama hizo, na ndiyo maana nakuomba uende kituo cha afya ndani ya wiki hii upimwe wingi wa damu, tezi hiyo na, penye uwezo, vitamini B12. Hakuna sumu yoyote inayotoka mwilini kwa kuzuia hedhi.

Hali yako si ngeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen nchini Ujerumani walichunguza watu zaidi ya 500 waliokuwa wakiishi kwa vyakula vibichi kwa muda mrefu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Wanawake walikuwa wamepungua wastani wa kilo 12 hivi tangu waanze, na miongoni mwa wale walio chini ya miaka 45, takriban asilimia 30 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika kabisa, hasa wale ambao zaidi ya asilimia 90 ya chakula chao kilikuwa kibichi. Hao walikuwa watu wa nchi yenye maduka yaliyojaa njugu za kila aina, mafuta na matunda ya misimu yote.

Ukitaka kujua upungufu unatoka wapi, tazama sahani yako. Tango karibu lote ni maji, na kilo nzima ya matango ina nishati ndogo kuliko kikombe kimoja cha wali. Parachichi na karanga ndizo zinazokubeba, lakini kiasi unachokula mara moja kwa siku hakiwezi kufidia ugali, wali, maharage, samaki na mayai ulivyoviacha vyote kwa pamoja. Tena chakula kibichi humgharimu mlaji kazi kubwa zaidi ya kutafuna na kusaga tumboni, na sehemu ya kilichomo hupita bila kutumika: protini ya yai lililopikwa mwili hufyonza takriban asilimia 90, lakini yai hilohilo likiliwa bichi hufyonzwa karibu nusu tu. Richard Wrangham, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard ambaye kwa miaka mingi amewafuatilia sokwe wa msitu wa Kibale nchini Uganda, ameeleza kwamba sokwe hutumia takriban saa sita kwa siku akitafuna, na kwamba moto wa kupikia ndio uliomwezesha binadamu kuishi na meno madogo na utumbo mfupi kuliko wa jamaa zake hao wa porini. Hoja yake kuhusu historia hiyo ya kale wenzake bado wanaijadili, lakini kwamba chakula kilichopikwa hutoa nishati nyingi zaidi ni jambo linalopimika.

Wepesi ulioupata mwanzoni ulikuwa wa kweli, wala sitaki uudharau. Kama wengi wetu, yamkini uliacha maandazi, chai yenye vijiko vitatu vya sukari na soda ya mchana, ukaongeza maji, matunda na nyuzinyuzi, na tumbo likashukuru. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hapo. Faida hiyo unaweza kubaki nayo yote huku ukirudi kwenye chakula kilichopikwa.

Mimi ningekupangia hivi. Asubuhi kula uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, au yai na kiazi kitamu, pamoja na kipande kikubwa cha papai. Mchana pata wali au ugali na maharage au samaki, na nusu ya sahani iwe mboga, ambapo kachumbari ibaki mbichi lakini mchicha upikwe. Mchicha mbichi una asidi ya oksaliki nyingi, inayoshika madini ya chuma na chokaa yasifyonzwe vizuri, na ile rangi yake yenye kutengeneza vitamini A hupatikana zaidi ukipikwa kidogo kwa tui la nazi au mafuta. Vitamini C ndiyo huumizwa na moto, hasa mboga zikichemshwa sana na maji yakamwagwa, lakini hiyo utaipata kwenye pera, chungwa, embe na nyanya za kachumbari. Jioni kula mlo kamili pia, hata kama ni mdogo. Mfungo wa Jumamosi uache hadi hedhi irudi na uzito utulie. Maji ya ndimu hayana ubaya mkubwa, ila kila siku ndimu mbili hula meno, kwa hiyo punguza iwe nusu, unywe kwa mara moja badala ya kuonja asubuhi nzima, usukutue kwa maji matupu, na mswaki usubiri nusu saa.

Vitamini B12, mwisho, haimo kwenye mboga, matunda wala karanga kwa kiasi cha kutegemewa. Akiba yake ini huihifadhi kwa miaka, kwa hiyo anayeacha nyama, samaki, maziwa na mayai hujiona mzima kwa muda mrefu, kisha ganzi ya miguu na upungufu wa damu humjia wakati amekwisha kusahau alipoanzia. Atakayechagua kubaki bila vyakula vya wanyama kwa imani au kwa mapenzi yake sina ugomvi naye, ila anahitaji vidonge vya B12 maisha yake yote.

Swali: Nina miaka 22, nasoma chuo Nairobi. Nimefundishwa kwamba chakula kikipita nyuzi joto 48 vimeng'enya vyake hufa na chakula chenyewe huwa kimekufa. Kwa sababu hiyo nimeanza kuloweka maharage mekundu na choroko hadi ziote, nizile bila kupika. Pia napenda mihogo mibichi ninayonunua nikienda Mombasa. Je, niko kwenye njia sahihi?

Jibu: Mdogo wangu, kuhusu maharage mekundu nakusihi uache leo. Yana protini iitwayo lektini ambayo hushambulia ukuta wa utumbo, na punje nne au tano tu zilizoliwa mbichi zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu mzima kwa saa kadhaa. Kuloweka hakuiondoi yote na kuotesha hakuifanyi iwe salama. Njia ni ile ya jikoni kwetu: loweka kwa saa tano au usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu, mashirika ya usalama wa chakula yakipendekeza dakika 30, ndipo uendelee kuyaivisha. Kuyapasha kwa moto hafifu bila kutokota ni hatari, kwa maana joto la namna hiyo linaweza kuacha sumu hiyo ikiwa kali kuliko ilivyokuwa.

Choroko ni nyepesi kuliko maharage na machipukizi yake huliwa sehemu nyingi za Asia. Tatizo lake ni lingine, kwamba unyevu na vuguvugu vinavyoiotesha mbegu ndivyo pia vinavyozalisha bakteria. Mwaka 2011, machipukizi ya uwatu yaliyoliwa mabichi nchini Ujerumani yaliambukiza maelfu ya watu aina kali ya bakteria ya E. koli, na zaidi ya 50 wakafariki. Ukipenda machipukizi ya choroko, yatumbukize kwenye maji yanayochemka au yakaange kwa dakika chache. Utabaki na utamu na mkakaso wake.

Muhogo unataka maneno zaidi, kwa sababu sisi watu wa ukanda huu tumeukulia. Ndani yake mna kemikali ambayo mzizi ukikatwa au ukitafunwa hutoa sayanidi, na kiasi chake hutofautiana sana baina ya muhogo mtamu na mchungu, na hata baina ya mashamba, kwani ukame huongeza sumu hiyo. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, watu wengi walipatwa na ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, baada ya kuishi kwa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa ipasavyo. Watu hao walikula unga uliokwisha kupita katika maandalizi fulani, na bado haukuwa salama. Kipande cha muhogo mtamu uliomenywa vizuri, chenye chumvi na pilipili, unachokitafuna ukipita barabarani si cha kukutisha ikiwa wewe ni mzima na unakula protini ya kutosha, kwa kuwa mwili huitumia protini kuigeuza sayanidi na kuitoa kwa mkojo. Lakini usiufanye muhogo mbichi kuwa mlo, wala usiutafune ukiwa mchungu mdomoni, na kisamvu kamwe kisiliwe kibichi. Mama zetu hawakutwanga na kuchemsha kisamvu muda mrefu kwa kukosa kazi nyingine.

Sasa hilo la vimeng'enya. Ni kweli kwamba joto huviharibu, lakini vimeng'enya vya tango ni vya kazi za tango lenyewe, na vikifika tumboni asidi na vimeng'enya vyetu huvivunja kama protini nyingine yoyote. Vya kusaga chakula tunavitengeneza wenyewe, mate yakianza na kongosho likifanya sehemu kubwa. Fundisho la chakula hai lilianzia mbali na kwetu. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zurich, Uswisi, aliwalisha wagonjwa wake matunda na nafaka mbichi mwanzoni mwa karne ya 20, na Ann Wigmore, mzaliwa wa Lithuania aliyeishi Boston, akaja kueneza maji ya majani ya ngano nchini Marekani. Bircher-Benner aliishi wakati ambapo matajiri walikula nyama na mkate mweupe kupita kiasi, na kuwarudisha kwenye matunda lilikuwa jambo jema. Chakula kilichopikwa, hata hivyo, hakijafa, na wewe mwenyewe umekuzwa nacho.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa miaka 67, niko Unguja. Kila Ijumaa usiku nakunywa sanamaki iliyochemshwa, na kila mwisho wa mwezi nakunywa chumvi ya haluli ili tumbo litoke lote. Siku ya pili yake nashinda na maji ya matunda tu. Natumia vidonge vya presha, kimojawapo kinanikojosha sana, na dawa ya sukari. Siku hizi nashikwa na misuli ya miguu usiku na kizunguzungu nikisimama. Sanamaki ni dawa tuliyoachiwa na wazee na imetajwa katika dini, sidhani kama ndiyo yenye kosa.

Jibu: Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Sanamaki ni dawa kweli, na hospitali zinaikubali, kwa maana imo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kulainisha choo. Kwa kuwa ni dawa, ina kipimo chake na muda wake, na haifai kuwa desturi isiyo na mwisho kwa mtu anayetumia dawa nyingine. Kuharisha hutoa maji, chumvi na potasiamu. Vidonge vingi vya kukojosha navyo hutoa vitu hivyohivyo. Viwili vikikutana, potasiamu hushuka, misuli hukaza usiku, presha huanguka ukisimama, na moyo unaweza kwenda mwendo usio wake, jambo ambalo ndilo linalonitia hofu kuliko miguu. Chumvi ya haluli ina magnesiamu, ambayo figo zenye afya huitoa bila shida, lakini presha na sukari za muda mrefu huzichosha figo na magnesiamu hujilimbikiza.

Ile siku ya maji ya matunda nayo ina hatari yake. Dawa za sukari kama glibenklamidi huendelea kuisukuma sukari chini hata kama hujala, na glasi ya juisi huipandisha kwa haraka kisha hukuacha ukishuka. Mzee akishuka sukari usiku peke yake chumbani, watu wanaweza kudhani amelala.

Ninakuomba basi, mzee wangu, usiviache vidonge vyako hata kimoja, ila acha sanamaki na haluli tangu sasa, na uende kwa daktari upimwe potasiamu, figo na sukari, ukimweleza yote uliyoniandikia, pamoja na sanamaki. Wagonjwa wengi huyaficha haya kwa kudhani daktari atawacheka au atakasirika, na daktari asipojua anaweza kukuongezea kidonge kingine juu ya tatizo. Tumbo likiwa zito siku za mwanzo, kula papai bivu, mboga zilizopikwa na maharage kwa kadiri ya masharti yako ya sukari, kunywa maji isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango, na tembea kidogo baada ya chakula cha jioni. Usikimbilie madafu ili kurudisha potasiamu kabla hujapimwa figo, kwa sababu zikiwa zimechoka tatizo linaweza kugeuka na potasiamu ikawa nyingi mno.

Kuhusu uchafu unaosemekana kuganda tumboni kwa miaka, madaktari wanaoingiza kamera kwenye utumbo mpana hawauoni, na ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku na kurudisha karibu yote, zikitoa lita moja au mbili za mkojo. Kazi hiyo pamoja na ile ya ini ndiyo kusafisha mwili, na inaendelea sasa hivi unaposoma. Za kwako zinahitaji presha na sukari zikae sawa kuliko zinavyohitaji kuharishwa.

Swali: Jirani yangu hapa Mombasa ananihimiza ninywe glasi ya maji ya birimbi kila asubuhi kabla ya kula ili kupunguza mafuta kwenye damu. Je, nianze?

Jibu: Usianze, dada. Birimbi lina asidi ya oksaliki kwa wingi, na likikamuliwa glasi nzima, tena tumbo likiwa tupu, asidi hiyo huingia kwenye damu na kuganda kama fuwele ndani ya figo. Madaktari wa jimbo la Kerala, India, waliandika mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 10 waliofika hospitalini figo zikiwa zimefeli ghafla baada ya kunywa maji hayo kwa nia hiyohiyo ya kupunguza mafuta, na 7 kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Birimbi mbili tatu kwenye mchuzi wa samaki au kwenye achari ni jambo jingine kabisa, endelea kula bila hofu ikiwa figo zako ni nzima.

Swali: Nilikunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku ili kutoa mawe ya nyongo, na asubuhi nikaona vijiwe laini vya kijani chooni. Je, nimepona?

Jibu: Ndugu yangu, vijiwe hivyo vilitengenezwa tumboni mwako usiku huo, kwani mafuta na limau hukutana na majimaji ya usagaji chakula na kugeuka donge la sabuni. Vilipopimwa maabara katika mgonjwa mmoja, taarifa iliyochapishwa mwaka 2005 ilionyesha kwamba havikuwa mawe ya nyongo. Mawe yako, kama yapo, bado yapo, na njia ya kujua ni kupigwa picha ya ultrasaundi. Ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia pamoja na homa au macho kuwa ya manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Sisi tunaokula kachumbari na matunda kila siku tuoshe vipi, hasa kipindupindu kikiwa mtaani?

Jibu: Osha kila jani peke yake chini ya maji safi yanayotiririka, kwa kuwa beseni moja la maji hueneza uchafu wa jani moja kwenye mengine yote. Baada ya hapo tumbukiza mboga kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kutibu maji, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Chumvi na siki ambazo wengi wetu tunazitegemea hazitoshi kwa kipindupindu. Tango, karoti na embe vimenywe baada ya kuoshwa, kwa kisu na ubao ambao haujagusa nyama, na tikiti lioshwe ganda lake kabla ya kukatwa, maana kisu huupitisha uchafu wa nje hadi ndani. Tunda lililokatwa na kupangwa kwenye sahani barabarani liache. Kipindupindu kikiwa kimetangazwa mtaani kwako, kachumbari ipumzike kabisa, mboga zipikwe na ziliwe zikiwa za moto, na matunda yawe yale unayoyamenya wewe mwenyewe, kama ndizi, chungwa na papai.